Jeki na nne, na kile kiti cha kusema kwanza

Mi niseme tu ukweli, poka ya mtu na mtu inatula hela washkaji wengi hapa Dar na wala sio mambo ya bahati mbaya kama tunavyopenda kujifariji, ni bei rahisi. Tunaona karata mbovu tunaambiwa bei ni ndogo tunalipia, basi.

Sisi tunacheza Jumamosi ghetto kwa mwanangu mmoja Sinza, tunaanza watu sita, kufika saa sita usiku wenye wake wameshaondoka tumebaki wawili, mimi na mwenye nyumba. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, tano zinafunguliwa mezani. Blaindi (hela ya lazima kabla hujaona karata) ndogo 100, blaindi kubwa 200, kila mtu chipu za 20,000. Sasa mkibaki wawili sheria iko hivi, na kuna watu wanacheza mwaka wa tatu hawaijui: anayegawa ndo anaweka blaindi ndogo, na kabla ya flopu ndo anaanza kusema. Flopu (karata tatu za kwanza mezani) ikifunguliwa inageuka, mwenye blaindi kubwa anatangulia yeye, flopu, teni (karata ya nne), mpaka riva (ya tano). Yani ukiwa blaindi kubwa mwanzoni unajiona bosi maana unamsikia mwenzio kwanza ndo unaamua, kumbe umelipia kiingilio cha chumba ambacho humo ndani we ndo utakuwa unajieleza kwanza muda wote.

Aliyewahi kununua mitumba pale Karume ananielewa. Unashika shati unauliza bei ngapi kaka, jamaa anakwambia "we sema una ngapi." Ukitaja tu umekwisha, ashajua mfuko wako. Kwenye poka kutangulia kusema ni hivyo hivyo, ukicheki (unapita bila kuweka hela) anajua umelegea, ukibeti anajua una kitu au unajifanya una kitu, na yeye bado hajasema chochote.

Tuje kwenye hesabu maana hapo ndo tunapodanganyika. Jamaa akireizi (akipandisha dau) mpaka 600 we umeshaweka 200, unaongeza 400 kugombea 800 iliyopo mezani, kwa hiyo ukishinda mara 1 kati ya 3 hujala hasara. Sasa karata mbovu kuliko zote mkiwa wawili ni 3 na 2 zisizofanana ua (sio 7 na 2 kama watu wanavyosema, hiyo sifa ni ya meza iliyojaa) na hata hizo dhidi ya karata zozote zile zinashinda kama mara 32 katika 100. Unaona? Hesabu inakwambia karibu kila takataka inalipika! Akireizi 400 tu ndo kabisa, unahitaji 25 katika 100. Mi hii hesabu niliishika kama msahafu miezi kibao. Kwanza jamaa hareizi karata zozote zile, anachagua. Halafu hesabu hiyo inachukulia karata tano zinafunguliwa zote kimya kimya hakuna anayebeti tena, na hiyo haitokei. Karata mbili zisizo pea zinaikosa flopu karibu mara mbili katika kila tatu, unacheki, anabeti, unatupa. Ile 32 yako hujaifikia hata nusu ya njia.

Ila kukosa sio tatizo kubwa. Tatizo ni kupata.

Jeki ya kopa na 4 ya maua. Akareizi 600 nikalipia, poti (hela yote mezani) 1,200. Flopu jeki, 8, 5, moyo ukaruka, nikacheki akabeti 600 nikalipia. Teni ikaja 2, nikacheki akabeti 1,600, nikalipia, maana nina jeki bwana naitupaje. Riva kwini. Nikacheki. Akaweka 4,000 huku anatafuna kashata, hata haniangalii, nikakaa dakika nzima nikalipia, akafungua jeki na 10, jeki kwa jeki, 10 yake inaila 4 yangu. 6,800 imeondoka kwa karata ambayo ningeitupa mwanzoni ingenigharimu 200 niliyokwisha kuiweka. Na siku nyingine jeki na 4 hiyo hiyo ikishika, mwenzio hana kitu anatupa pale pale flopu, unakula poti ya 1,200 ambayo nusu ilikuwa hela yako mwenyewe. Nikishinda ni hela ya bajaji, nikiliwa ni hela ya gesi.

Na msiseme mi ndo sijui kucheza (ni kweli pia, lakini sio hoja). Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitoa programu yao inaitwa Cepheus, imeumaliza karibu kabisa mchezo wa watu wawili wa limiti, ule wa kubeti kwa kiwango maalumu. Wakakuta hata wakikutana wawili wasiokosea, mgawaji anapata wastani wa kama sehemu 88 hadi 90 katika elfu za blaindi kubwa moja kwa kila mkono (kila mgao). Kwa meza yetu hiyo ni kama shilingi 18 kila mkono, mchezo wa limiti lakini. Maana yake kile kiti cha blaindi kubwa kinakula hela yako tu, we kazi yako ni kupunguza. Ukitupa kila kitu unaliwa 200 nzima kila mara na mwenzio anakuwa anareizi hata amefumba macho, kwa hiyo kutupa zote nako ni ujinga. Karata inafaa kulipiwa kama kwa wastani itakupotezea chini ya ile 200. Jeki na 4 mikononi mwangu haifiki huko, mikononi mwa bingwa labda.

Siku hizi akireizi 400 nalipia nyingi tu. Akiweka 600 bora 8 na 7 zote shupaza kuliko jeki na takataka, maana ile 8 na 7 ikikosa najua imekosa, ikishika inashika kitu cha maana, haikuachi katikati unajiuliza jeki yangu na jeki yake ipi kubwa. Na mara moja moja naokota uchafu nareizi juu yake badala ya kulipia, ila hapo muombe Mungu.

Jumamosi iliyopita jeki na 4 ikaja tena, blaindi kubwa. Jamaa 600. Nikaitupa. "Umetupa nini mzee?" Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa, akageuza zake, 6 na 2. Nilipanda boda nikiwa na ile 6 na 2 kichwani mpaka nafika Mwenge.