Watoto wa darasa la pili kuandikishwa habari za nyuki, inasaidia kweli?

Mtoto wa dada yangu hapa Lindi yuko darasa la pili, juzi karudi na daftari wamefanya kazi ya nyuki. "Nyuki ni mdudu. Nyuki hutupatia hasali." Nikachungulia daftari la mwenzake aliyekuja naye, hasali vilevile. Yani ubao umekosea na darasa zima limekosea, ndo nikaanza kujiuliza hizi kazi zina faida gani.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Sisi Kusini tunakula kwa korosho, na chavua ya mkorosho inanata, upepo hauibebi vizuri, inabebwa na nyuki na wadudu wenzake. Mtoto akilijua hilo mapema labda akikua hatochoma mti mzima kisa asali ya kikombe kimoja. Halafu nyuki wenyewe ni stori tamu, malkia mmoja, vibarua wote majike, madume hata mwiba hawana, kibarua toka yai mpaka atoke chumbani kwake siku 21 lakini malkia 16 tu, na kibarua akipata maua anarudi mzingani anacheza kuwaelekeza wenzake. Mwanasayansi Karl von Frisch aliisoma ngoma hiyo mpaka akapewa tuzo ya Nobel 1973 na wenzie wawili. Mwambie mtoto wa huku kuna mdudu anacheza ngoma ya kuonyesha njia uone kama utamnyamazisha.

Upande wa pili nao hawabwabwaji. Darasa la pili bado ni KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), mtoto anahangaika na nya nye nyi, we unamletea chavua. Ikiitwa "mradi" ndo balaa, manila, rangi, gundi, mwisho wa siku anayeandika ni mama saa nne usiku. (Nishaandika mimi mmoja, nikapata vema zote.) Na kuna usalama, hapa sibishani kabisa, nyuki wetu wakali, mmoja akichoma anaacha harufu inayoita wengine, kwahiyo habari ya kupeleka watoto sitini kwenye mizinga hapana, tena hapana.

Mi naona ishu sio nyuki, ni ubao, na kalenda. Kazi hizi zikisogezwa kwenye tarehe 20 Mei sababu ni Siku ya Nyuki Duniani, mkorosho hauna ua, mtoto ataandika nini zaidi ya kukopi? Subirini shule zifunguliwe Julai. Maua yapo, mikorosho ipo jirani na shule nyingi, watoto wasimame mbali kidogo dakika kumi, isiwe siku watu wanapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, kila mmoja aandike sentensi mbili za alichokiona yeye. Manila ya nini. Mwalimu mwenye madaftari themanini ya kusahihisha atalalamika, na ana haki, maana makosa hayatofanana tena, ila sentensi mbili ni fupi kuliko ukurasa wa kunakili.

Nilimjaribu yule wa dada. Nikamwambia aache ya ubaoni, aandike nyuki aliowahi kuwaona mwenyewe. Akatafuna penseli weee, mpaka nikadhani kasusa, halafu akaandika: "Babu anafukiza makumbi nyuki wanarewa."