Baada ya maandamano, mbunge wako umemuuliza nini?

Sisi watu wa Kisumu kwa maandamano hatufundishwi na mtu, hilo nalisema kwa kujivunia hata nikiwa huku Uingereza, lakini kuna tabia nimeikuta huku natamani sana tuwe nayo, kumfuata mbunge kabla hajapiga kura, hasa mambo ya vita.

Februari 15, 2003 London ilijaa watu, milioni hivi na wengine wanasema zaidi, wakipinga vita vya Iraq. Mwezi mmoja baadaye bunge likapitisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149. Hapo ndio wengi husema basi kutembea barabarani ni kazi bure na mimi nakataa kabisa, juu mwaka 2013 waziri mkuu Cameron alipotaka kushambulia Syria bunge lilikataa, 285 dhidi ya 272, hasira ya Iraq ilikuwa bado iko kwa wapiga kura na wabunge walijua. Angalia hizo namba vizuri. Wabunge saba tu wangegeuka mambo yangekuwa mengine, na watu saba unaweza kuwafikia ofisini kwao.

Huku mbunge anatenga siku ya kusikiliza watu wa jimbo lake, mara nyingi Ijumaa ama Jumamosi, mnapiga foleni mnaingia mmoja mmoja. Ama unaenda mwenyewe bungeni Westminster, pale ukumbi wa kati unajaza kikadi cha kijani, jina lako na unakoishi, mhudumu anaingia ndani kumtafuta mheshimiwa, na hata asipopatikana anajua ulikuja. Mkenya mwenye makaratasi sawa anapiga kura huku, ni haki ya watu wa Jumuiya ya Madola, kwa hivyo hawezi kukupuuza hivi hivi. Nimeona mama mzee akiuliza swali moja tu, utapiga kura gani, mbunge akianza kuzunguka anamrudisha pale pale.

Najua mtu wa Kondele, pale kwetu Kisumu maandamano yanapowaka, ataniambia wewe unatembea polisi wakikusimamishia magari, sisi tunakula vitoa machozi na risasi. Ni kweli na inauma. Juni 2024 vijana wetu walikufa, ndio Ruto akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, siku moja tu baada ya wabunge 195 kuupitisha. Lakini kumbukeni pia zile namba za simu za wabunge zilivyosambazwa, meseji usiku kucha. Hiyo ilikuwa kazi pia.

Sasa siku ile ile ya Juni 25, kikosi cha kwanza cha polisi wetu kilikuwa kinatua Haiti kupambana na magenge. Bunge liliidhinisha Novemba 2023 na sisi hatukufunga barabara hata moja, akina Ekuru Aukot, yule wakili mwanasiasa, ndio walihangaika kortini. Na Somalia je, tuko huko tangu Oktoba 2011, Januari 2016 Al-Shabaab wakavamia kambi yetu ya El Adde tukapoteza wanajeshi wengi sana, wengi wa kambi ya Eldoret, na katiba kifungu cha 95 inasema Bunge la Taifa ndilo linaidhinisha kutangaza vita. Mbunge wako uliwahi kumuuliza?

Njia ya ofisi ya CDF, ule mfuko wa maendeleo ya jimbo, tunaijua, foleni ya basari za karo tunapanga kila mwaka. Mkiwa hapo tu, kumi, ishirini, muulizeni mheshimiwa alisimama wapi siku ya Haiti, na mwandike jibu lake na tarehe. Akijificha, Kondele si mbali.