Gramu mmezihesabu, krenki je?

Makala yenu imesifu baiskeli nyepesi za mtumba kwa wanaokwenda kazini, na gramu zikahesabiwa moja moja. Krenki, ule mkono unaobeba pedali, haikuguswa hata kidogo. Mnyororo ukikatika utaisukuma baiskeli hadi nyumbani. Lakini krenki huelekea kukatika pale unapoikanyaga kwa nguvu zote, umesimama, unapanda daraja la Nyali hapa Mombasa na matatu inakupigia honi nyuma. Mguu ukienda chini, mwili unafuata.

Wala si krenki za bandia tu zinazoharibika. Mwaka 2023 Shimano, kampuni ya Japani ya vipuri vya baiskeli, waliita zikaguliwe krenki zipatazo 760,000 Marekani na Kanada, baada ya ripoti zaidi ya 4,500 za vipande vya krenki kuachana. Hizo ni vipande vya alumini vilivyoshikanishwa kwa gundi, ndani vitupu ili uzito upungue. Na alumini huchoka hata kwa mzigo mdogo, ufa ukikua taratibu kila unapokanyaga. Chuma kisipozidishiwa mzigo hudumu sana. Ndiyo maana Black Mamba, zile baiskeli za chuma za wazee wetu, nzito ajabu, bado zinabeba magunia.

Anayenunua baiskeli ya mtumba sokoni Kongowea aifute krenki kwanza (chumvi ya hewa yetu hii haina huruma), achungulie tundu la pedali na maungio, kisha akanyage asikilize mlio. Iliyopakwa rangi mpya mimi siigusi, rangi huficha ufa.

Mwandishi, hizo ulizopiga picha zina krenki za aina gani?