Kwetu bosi huhamishwa

Jumamosi iliyopita nilifika kwenye duka la pombe hapa Stavanger dakika nne baada ya kufungwa. Taa zinawaka, dada yumo ndani anahesabu mauzo, na ananiona. Nikakutanisha viganja kumwomba kama mtu aliyeachwa na basi la mwisho Ubungo. Akatabasamu, akanionyesha saa ya ukutani. Kosa langu, sawa, lakini iliniuma. Hakuna mlinzi wa kumvuta pembeni, hakuna mlango wa nyuma, hakuna "dada, moja tu jamani". Na huwezi kwenda kwa mshindani, kwa sababu mshindani hayupo. Norwei nzima, divai na kinywaji chochote kinachozidi asilimia 4.7 ya kilevi kwa kawaida havipatikani kwenye duka jingine zaidi ya Vinmonopolet, shirika la serikali lililoanzishwa 1922.

Jumatatu nikarudi. Nilitaka zawadi ya jirani anayetimiza miaka 60. Mimi divai siijui, nimekulia kwenye togwa, kwa hiyo nikashika chupa ya kroner 399 kwa imani kwamba bei ndiyo ubora. Dada yule yule akaniuliza huko sherehe wanakula nini. Kondoo, nikasema. Akanipeleka rafu ya chini akanipa ya 179. "Hii inaendana zaidi na kondoo."

Nilitoka pale nimeduwaa. Muuzaji wa serikali, hana mpinzani mji mzima, ananizuia nisimpe hela yangu!

Watanzania waliokula unga wa yanga, ule wa njano wa miaka ya uhaba, wataelewa kwa nini nimeduwaa. Sisi duka la serikali tunalijua. Tunaijua foleni iliyopangwa kwa mawe saa kumi na moja alfajiri, na tunaijua sukari "iliyokwisha" huku mke wa meneja anapita na mfuko. 1976 maduka ya watu binafsi yalifungwa vijijini kwa operesheni, 1983 watu wakatupa sabuni na vitenge mtoni wasiitwe wahujumu, na Mzee Mwinyi alipokuja na ruksa zake tukashusha pumzi. Tangu hapo kila kijiwe kina msemaji wa uchumi: serikali haiwezi biashara. Eti ni kama kumkabidhi fisi bucha.

Na mimi nilikuwa msemaji mmojawapo. Nimekuja huku nikiamini hivyo kabisa, nikakuta serikali inamiliki asilimia 67 ya kampuni ya mafuta, inamiliki mitambo ya umeme, inauza hadi divai, na watu wanapanga kwenda likizo bila wasiwasi. Huku wapo wanaoilalamikia treni, naam, na wana haki. Lakini fisi yupo buchani na nyama ipo.

Hapo ndipo ndugu zangu huja juu. "Kaa huko na theluji yako." Mwingine: wao milioni 5 na nusu wana mafuta, sisi sensa ya 2022 imetukuta milioni 61, unalinganisha nini?

Nalinganisha tarehe tu, ndugu yangu, usinipige. TPDC, shirika letu la mafuta, iliundwa Mei 1969. Ekofisk, kitalu cha mafuta kilichowafungulia hawa riziki, kiligundulika Desemba mwaka huo huo. Statoil, kampuni yao ya mafuta ambayo sasa ni Equinor, ikazaliwa 1972. Sisi ndio kaka mtu, kwa miaka mitatu. Gesi ya Songo Songo imegunduliwa 1974, ikaanza kufua umeme 2004. Mdogo mtu bahari yake haikumtosha, kaja kuchimba kwenye bahari ya Lindi, na 2012 akaipata gesi. Sibezi. Vita vya Kagera navijua, ukata wa miaka ile naujua, na gesi huwezi kuijaza kwenye mapipa ukaiuza kama mafuta. Lakini miaka thelathini!

Nikaanza kuuliza walifanyaje. Jibu la kwanza lilinipa raha ya mgeni: mmoja wa waliowachorea mfumo alikuwa mhamiaji. Farouk al-Kasim, mtaalamu wa mafuta kutoka Iraki, alikuja 1968 kwa sababu mtoto wake alihitaji matibabu. Mpango aliosaidia kuuandika uligawa kazi mapande matatu: wizara itunge sera, idara ya ukaguzi ikae hapa Stavanger ipime na kuchunguza, kampuni ifanye biashara. Hakuna anayejisahihishia mtihani wake.

Sasa kumbuka NMC, shirika letu la umma la kununua na kusaga nafaka. Serikali ilipanga bei moja ya mahindi nchi nzima, ya Songea sawa na ya jirani na Dar. Mkulima wa Ruvuma alifurahi, na mimi simlaumu hata kidogo, lakini nauli ya lori alilipa nani? NMC. Ilipokauka ikakopa benki ya NBC, ambayo nayo ilikuwa ya serikali. Mfuko wa kushoto unaudai mfuko wa kulia, na suruali ni moja. Meneja akivurunda ni yeye, au ni bei aliyopangiwa? Hakuna aliyeweza kusema, na palipo na ukungu wa namna hiyo mtu hafukuzwi. Anahamishwa.

Nimeliona hilo kwa macho. Baba alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha umma Morogoro, nisikitaje. 1986 mashine karibu zote zimelala, mishahara ya miezi mitatu haijatoka, na meneja anaagwa: amepewa shirika jingine, kubwa kuliko lile. Tulipika pilau. Watoto tulipewa soda, chupa moja watu wawili. Wafanyakazi walichanga wakamnunulia saa ya ukutani, akaipokea kwa mikono miwili, akatuasa tuchape kazi.

Na msiniletee hoja ya ubinafsishaji kana kwamba ulitibu. Maji ya Dar tulimpa mwekezaji 2003, tukamtimua 2005. Angalau huyo tulimtimua.

Wanorwei nao wamevurunda, tena vibaya. 1987 upanuzi wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mongstad ulipitiliza bajeti kwa mabilioni ya kroner, hadi watu wakatania kwamba "mong" ni kipimo cha hasara. Bodi ya Statoil iling'oka. Arve Johnsen, aliyeiongoza kampuni tangu ilipoanzishwa, akaondoka pia. Na hiyo ilikuwa kampuni iliyokuwa ikiingiza hela, sikizeni vizuri, si iliyokufa.

Jana nilimpigia baba nikamsimulia. Ana miaka 81, anasikia kwa sikio moja, nikarudia mara mbili. Akanyamaza kidogo.

"Mkubwa kabisa, akaondoka?"

"Akaondoka, baba."

"Akapelekwa wapi?"

"Hakupelekwa popote. Aliacha kazi."

"Na gari la ofisi?"