Dunia Isiyokalia Kitu

Ukitajwa mwanzo wa falsafa, jina linalotangulia ni Thales, yule aliyesema kila kitu kimetokana na maji. Mimi taji hilo ningemvisha Anaximander, aliyekuja nyuma yake.

Wote wawili walikuwa wa Miletus, mji wa bandari wa Wagiriki katika pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Hapo, karne ya 6 K.K., Thales alifundisha kwamba dunia inaelea juu ya maji kama gogo. Ni jibu la mtu aliyekulia bandarini, na ni zuri mpaka mtoto aulize: na hayo maji je, yamekalia nini? Ukisema mwamba, ataulizia mwamba. Hutamaliza.

Anaximander alilifuta swali lenyewe. Dunia, alisema, haijakalia kitu. Iko katikati, imelingana umbali na pande zote, basi haina sababu ya kwenda huku wala kule. Imetulia tu. Na hakuwa na darubini. Aliwaambia haya watu ambao tangu kuzaliwa hawajaona jiwe likiachiwa lisianguke.

Umbo alilikosea. Aliidhani dunia kuwa kama kipande cha nguzo ya mawe, kimo chake theluthi ya upana wake, nasi tumeenea upande mmoja kama sisimizi juu ya ngoma. Kosa hilo namsamehe. Kurekebisha umbo ni kazi ndogo ukishathubutu kuinyang'anya dunia kitako chake.

Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 K.K., hakumsamehe. Alisema hoja hiyo ni ya kijanja lakini si kweli: basi hata mtu mwenye njaa na kiu sawasawa, akiwekwa katikati ya chakula na maji, atabaki palepale asiguse chochote. Fisi wetu wa njia panda angalau alijaribu njia zote mbili, hata kama alipasuka.

Baada ya Anaximander akaja Anaximenes, wa mji uleule, akairudishia dunia mto wa kulalia: safari hii hewa. Hapo naona alirudi nyuma. Lakini ana jambo moja ninalompendea. Weka kiganja mbele ya mdomo, bana midomo kama unayepoza chai, puliza. Baridi. Sasa achama, toa pumzi taratibu. Joto. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba hewa ikibanwa hupoa na ikilegea hupata moto, na kwamba kwa njia hiyo hewa moja inaweza kuwa moto, upepo, wingu, maji, hata jiwe. Maelezo yake hayakuwa sahihi (pumzi ya midomo iliyobanwa huvuta na hewa ya pembeni, ndiyo maana tunaihisi baridi), ila hakuishia kusema vitu vimetokana na nini. Alitaka kuonyesha vinageukaje, tena kwa kiganja chako mwenyewe.

Katika maandishi ya Anaximander kimesalia kipande kifupi tu, kilichonukuliwa na Simplicius, mfafanuzi wa vitabu vya Aristotle, zaidi ya miaka 1,000 baadaye. Kinasema vitu hulipana fidia kwa dhuluma zao, kwa kadiri ya mpangilio wa wakati. Habari za dunia isiyokalia kitu hazimo. Hizo tumezipata kwa wengine, akiwemo Aristotle, katika kurasa zilezile alizomkejeli.