Machaguo ya Mstari wa Amri: Nani Ayasome?

Niliandikia duka moja la unga, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, programu ya Python ya kutoa ankara. Bei zimewekwa kwa dola, wateja wengi hulipa faranga, na kiwango cha kubadilisha hakitulii. Kila asubuhi karani huifungua kwa kuandika chaguo `--kiwango 2800` baada ya jina lake, au namba yoyote waliyoamka nayo wabadilisha fedha. Namba inaingilia mlangoni, kumbe anayeihitaji ni klasi `Ankara`, kipande cha msimbo kinachotengeneza ankara, kule chumba cha ndani. Imfikieje?

`Ankara` kuchungulia yenyewe `sys.argv`, orodha ya maneno yaliyoandikwa wakati wa kuiwasha programu, hilo tuliache. Klasi ya namna hiyo huwezi kuijaribu vizuri bila kuiwasha programu nzima.

Zinabaki njia mbili zenye watetezi. Ya kwanza: kila klasi imtangazie msomaji mmoja machaguo yake. `argparse`, zana ya kusoma machaguo iliyomo katika maktaba ya Python tangu toleo la 2.7 la mwaka 2010, inaruhusu hilo bila taabu. Utamu wake ni kwamba maelezo ya chaguo yanakaa jirani na msimbo unaolitumia: ukiifuta klasi, chaguo nalo limekwenda, na orodha ya msaada ya `--help` inajirekebisha. Kwa programu kama git, ya kutunza matoleo ya msimbo, ambamo amri `commit` na `push` kila moja ina machaguo yake, ningeichukua njia hii bila kusita. Dukani ilinitoa jasho. `Ankara` ilitaka kifupi `-k` cha kiwango, klasi `Kichapishi` ikataka `-k` hiyo hiyo kwa idadi ya kopi. Programu ikagoma kuwaka.

Ya pili: `main`, sehemu inayoanza programu, yaani mlango wenyewe, isome yote, kisha imkabidhi kila mmoja kilicho chake tu: `Ankara(kiwango=2800)`. Jaribio linakuwa mstari mmoja. Tena mlangoni ndipo pa kukagua aina ya kitu. `argparse`, usipoiambia, hurudisha maandishi, na Python ikizidisha maandishi kwa 18 haihesabu, inarudia. Ankara ya mfuko wa dola 18 ilitoka na 2800 mara 18 mfululizo. Karani akadhani mashine imerogwa. `type=int`, yaani "hii ni namba kamili", ikamaliza uchawi.

Wapinzani wanasema `main` inanenepa, na hawasemi uongo. Mimi naogopa zaidi uvivu unaofuata: kumpa kila mmoja `args` nzima, gunia la machaguo yote yaliyosomwa, hadi usijue nani anatumia nini.

Kwa machaguo manne nimebaki na `main`. Ila mwenye duka ameanza kuuliza habari za madeni na stoku, kila moja na amri yake; hapo klasi zitajitangazia machaguo, lakini thamani zitaendelea kupitia mlangoni.