Gmsh si mali ya kuokota

Mwaka jana nilikabidhiwa programu ya kukokotoa uimara wa slabu za zege, kazi iliyoachwa njiani na mwenzetu aliyehama. Mteja anawauzia wahandisi, na kwenye mkataba amesisitiza kwamba msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, hapewi mtu. Nikafungua folda ya usakinishaji, nikakuta faili inaitwa gmsh-4.11.dll, yaani maktaba ya msimbo ya Gmsh iliyotiwa ndani ya programu yetu. Leseni yake haipo. Majina ya walioiandika hayapo popote, hata kwenye dirisha la "Kuhusu". Nilipouliza nikajibiwa, "Si ya bure hiyo, kaka?"

Jibu hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu sisi ndio tungepaswa kuelewa upesi kuliko wengine. Kiingereza kina neno moja tu, "free", pale ambapo Kiswahili kina mawili, huru na bure. Gmsh ni programu huria ya kusuka nyavu za hesabu za kihandisi. Kwamba hukulipa kitu ulipoipakua ni matokeo ya uhuria wake tu, na uhuria huo una masharti.

Kwa msiofanya kazi hizi: kompyuta haiwezi kukokotoa slabu nzima kwa mkupuo. Inaikata vipande vidogo, pembetatu kwa mfano, vinavyoshikana pembe kwa pembe kama macho ya wavu. Kuusuka wavu huo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Jicho moja likiwa jembamba kupita kiasi, majibu ya eneo lile hayaaminiki, na mhandisi anaweza asijue. Christophe Geuzaine wa Chuo Kikuu cha Liège na Jean-François Remacle wa Louvain, wote wa Ubelgiji, wanaihangaikia kazi hii tangu 1997. Msimbo wote wameuweka wazi, kwa leseni ya GPL (General Public License) toleo la 2 au la baadaye. Wanachodai ni kwamba ukiiunganisha Gmsh ndani ya programu yako na kuisambaza, programu nzima nayo itoke kwa masharti hayohayo. Hutaki? Wasiliana nao, mpatane leseni nyingine. Wameyaandika haya kwenye ukurasa wao wa kwanza, kwa maneno ambayo hayahitaji wakili.

Hata hivyo visingizio haviishi. Wapo wanaosema "sisi hatuuzi, tunagawa tu", ilhali katazo la kuiingiza kwenye programu iliyofungwa linamhusu anayeuza na anayegawa bure. Wengine wanakimbilia ile ruhusa maalumu iliyoongezwa kwenye leseni ya Gmsh. Isomeni hadi mwisho, jamani: imewekwa ili Gmsh yenyewe iweze kuunganishwa na maktaba kama METIS na OpenCASCADE. Haikuwekwa kwa ajili ya programu yako. Kisha kuna kisingizio cha wanaotumia lugha ya programu ya Python, kwamba "import gmsh" ni mstari mmoja tu na hakuna kilichokompailiwa. Mstari huo unaipakia maktaba ileile na kuziita kazi zake ndani ya programu yako, na kwa maelezo ya FSF (Free Software Foundation), shirika lililoiandika GPL, huko ni kuunganisha.

Njia halali kwa aliyefunga msimbo wake ipo, na ndiyo niliyoifuata. Gmsh inabaki programu inayojitegemea. Programu yetu inaandika umbo la slabu kwenye faili, halafu inaita amri:

gmsh slabu.geo -2 -o slabu.msh

Gmsh inasuka, inaandika faili ya wavu, inafunga. Sisi tunaisoma faili hiyo kwa msimbo wetu wenyewe. Wavu uliotoka si mali ya GPL, kama vile barua haiwi mali ya aliyetengeneza kalamu. FSF inakubali kwamba programu mbili zinazozungumza kwa amri na faili kwa kawaida ni mbili kweli, ila inaonya kwamba zikipeana miundo tata ya ndani, zinaweza kuhesabiwa moja. Kwa hiyo faili tuliziacha katika umbo ambalo Gmsh humpa mtu yeyote. Na kwa kuwa tunaisambaza Gmsh pamoja na yetu, leseni yake tunaiweka na msimbo chanzo wake tunautoa. Wengi hulisahau hilo wakidhani kutenganisha kunatosha.

Usidhani pia kwamba ukihama Gmsh kwenda zana nyingine za kusuka nyavu umepona. TetGen tangu toleo la 1.5 iko chini ya AGPL, ndugu mkali wa GPL, ambayo inakufuata hadi kwenye seva ukiibadilisha na kuwapa watu waitumie kupitia mtandao. Triangle ya Jonathan Shewchuk huwezi kuiweka kwenye bidhaa ya biashara bila kupatana naye. Zana za CGAL za kusuka nyavu ni GPL, na leseni ya kibiashara inauzwa na GeometryFactory ya Ufaransa. Netgen, yenye LGPL, ndugu mpole wa GPL, ndiyo inayokubali kuunganishwa na msimbo uliofungwa, mradi mtumiaji abaki na uwezo wa kuibadilisha maktaba hiyo kwa toleo lake.

Wanaodhani haya ni makaratasi tu waitazame kesi ya Ghostscript, programu ya kusoma na kuchapa faili za PDF. Artifex, kampuni inayoimiliki, iliishtaki Hancom ya Korea Kusini kwa madai ya kuitia Ghostscript kwenye programu zake za ofisi bila kufungua msimbo wala kulipa. Mwaka 2017 mahakama ya California ilikataa kuitupa kesi, ikaacha hata dai la kuvunja mkataba liendelee. Mwishowe wakapatana.

Mteja wetu alinung'unika kwamba kuandika na kusoma faili kunapunguza kasi. Ni kweli, kidogo. Nilimwambia kama kasi hiyo ina thamani kwake, awaandikie Liège waambiane bei. Bado hajaamua. Lakini toleo la sasa limeshatoka, faili ya leseni imo, na ukifungua dirisha la "Kuhusu" utayakuta majina ya Geuzaine na Remacle, kwa herufi za ukubwa uleule na zetu.